Mshahara Ulioandikwa kwa Herufi

Tangazo la kazi ya Afisa Habari Daraja la II lina sehemu nne, na mtu akipima tu ukubwa wa kila sehemu ataona mwandishi wake alikuwa anajali nini. Majukumu yamepewa orodha yenye namba za Kirumi. Sifa za mwombaji zimepewa sentensi moja ndefu ya shahada na fani zake. Masharti ya jumla yanajaza ukurasa na pengine kumwagikia wa pili. Mshahara umepewa mstari mmoja usiofika ukingo wa karatasi: kwa kuzingatia viwango vya Serikali, yaani TGS D kwa mwezi. Basi.

Nalichukulia tangazo hili kuwa utanzu, nao una kanuni zake kama tanzu nyingine. Tena sidhani kama kuna nathari ya Kiswahili inayosomwa kwa makini kuliko hii siku hizi. Riwaya watu huisoma wakiruka kurasa. Tangazo la Ajira Portal, tovuti ya Serikali ya kuombea kazi, husomwa neno kwa neno, likarudiwa usiku, likatumwa kwa binamu kwenye WhatsApp na swali chini yake: “Hii ya kwangu inaingia?” Mwandishi gani hapa nchini ana wasomaji wa namna hiyo?

Msomaji ninayemfikiria yuko Makwale, wilayani Kyela, huku kwenye mpunga na mikakao. Amerudi nyumbani na shahada ya uhusiano wa umma na masoko kutoka Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Mwanza, au ile ya uhusiano wa umma na matangazo kutoka Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anataka kujua mambo mawili: kazi yenyewe ni kufanya nini, na inalipa kiasi gani. Majibu yote mawili yapo kwenye tovuti za Serikali, lakini yamewekwa mbalimbali na yanasemwa kwa sauti tofauti. Kazi inaelezwa hadharani kwa maneno, malipo yanaelezwa kwa alama ambayo ufunguo wake uko ofisi nyingine.

Tuanze na kazi. Katika matangazo ya kada hii majukumu huja hivi: kukusanya na kuandika habari, kuandaa picha za maonyesho, kuandaa majarida na mabango. Vitenzi vyote havina nafsi. Hakuna anayekusanya, hakuna anayeandikiwa, wala hakuna anayeuliza akajibiwa. Habari inakusanywa, inaandikwa, halafu inatundikwa. Hizo picha za maonyesho nazo zinasema jambo kuhusu umri wa orodha. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akisikia maonyesho anawaza Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya: banda la halmashauri, ubao umefunikwa kitambaa, picha zimepangwa kwa safu, na kijana amesimama kando na fimbo ya kuonyeshea. Ndicho kizazi cha mawasiliano ambacho orodha hii bado inakikumbuka. Afisa habari wa leo anaamkia simu, anajibu uvumi kabla ya chai, anakata video ya dakika moja ya mkuu wa wilaya akizungumza na wananchi, na mchana anaulizwa kwa nini haijapanda. Kwenye orodha hayo hayamo.

Kuna kitu kingine kisichomo, nacho kina uzito zaidi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka anayeshika taarifa za umma amjibu mwananchi aliyeomba ndani ya siku 30, na inazitaka taasisi ziwe na maofisa wa kushughulikia maombi hayo. Hapo kuna kazi kamili ya uhusiano wa umma, maana kuna mtu anaomba, kuna mtu anapaswa kujibu, na muda unahesabika. Lakini soma orodha ya majukumu juu hadi chini utafute kitenzi cha kujibu. Utachoka.

Kipengele cha mwisho cha orodha, ambacho wengi hukipita kwa kudhani ni cha kujazia nafasi, ndicho mimi ninachokiona cha kweli kuliko vyote. Kinasema kwamba mtumishi atafanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake, zinazoendana na elimu na ujuzi wake. Hapo ndipo binadamu anapotokea mara ya kwanza katika orodha nzima, na binadamu huyo ni bosi. Kwa sentensi moja tangazo limetoboa siri ambayo vipengele vilivyotangulia viliificha: anayehudumiwa kwanza na afisa habari yuko ofisini, ghorofa ya juu au chumba cha pili.

Matangazo ya Afisa Uhusiano katika mashirika ya umma yana lahaja yake. Mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na yanapenda kuzungumzia taswira ya taasisi, wadau, mahusiano na vyombo vya habari, na kushughulikia malalamiko ya wateja. Huko angalau mteja yupo, ingawa ameingia kwa mlango wa malalamiko. Shahada ni ileile na mwombaji ni yuleyule, ila huyu ataajiriwa kutoa habari na yule ataajiriwa kulinda jina. Kijana wa Makwale anayetafuta “kazi ya PR” kwa jina hilo moja atakosa nusu ya nafasi zake. Atafute Afisa Habari, Afisa Uhusiano na Afisa Mawasiliano, asome majukumu, ndipo ajue anaitwa upande gani.

Au afanye lililo jepesi zaidi, asome kazi yenyewe. Tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Kyela imejengwa kwa kiunzi kilekile cha halmashauri nyingine, tangu tovuti za mikoa na halmashauri zilipozinduliwa kwa pamoja mwaka 2017. Juu kuna Kuhusu Sisi, Utawala, Fursa za Uwekezaji, Madiwani, Machapisho. Chini kuna Kurasa za Haraka na Viunganishi Linganifu. Katikati ya vyote hivyo zipo safu mbili zinazotazamana, Matangazo na Habari. Safu ya Matangazo ndiko kazi hutangazwa, na mara nyingi kinachofunguka ni karatasi iliyoskaniwa ikiwa na nembo, kumbukumbu namba, sahihi na muhuri. Ni ubao wa ofisi ya kata uliohamishiwa kwenye kioo cha simu bila kubadilishwa chochote, hata mkunjo wa karatasi. Safu ya Habari ndiko kazi hiyo huonekana ikifanywa. Angalia picha zake: viongozi wako wangapi, wananchi wako wangapi, na nani anazungumza. Angalia kama kichwa cha habari kinaanza na tukio au na cheo cha mtu. Dakika kumi kwenye safu hiyo zitakufundisha kazi ya afisa habari wa wilaya kuliko orodha yote ya namba za Kirumi, na hakuna aliyekusudia ikufundishe.

Sifa za mwombaji hazina mengi ya kuhakikiwa. Tuje kwenye ule mstari wa mshahara.

Makwale bei ya kakao haitajwi kwa herufi. Mnada ukifanyika chini ya stakabadhi ghalani, mkulima anasikia shilingi ngapi kwa kilo, na kabla ya jua kuzama bei hiyo imeshafika Ipinda na Matema. Mtoto wa mkulima huyo ndiye anayefungua tangazo na kukuta TGS D. Anajua D ni ya juu kuliko C, kwa kuwa matangazo ya wenye stashahada ameyaona. Zaidi ya hapo hajui kitu. Na akihamia kwenye taasisi na mashirika, herufi zinabadilika: anakutana na PGSS, au na sentensi ya Kiingereza inayoahidi malipo ya kuvutia kwa mujibu wa viwango vya taasisi. Kuvutia huko kumepimwa na nani, sentensi haisemi.

Ni rahisi kusema kwamba Serikali inaficha. Mimi siamini hivyo, na umbo la mstari lenyewe linanizuia. Herufi hiyo ina haki ndani yake. Afisa habari anayeanza kazi Kyela na mwenzake anayeanza Kinondoni wanasimama kwenye D moja, hata kama mmoja ana mjomba wizarani. Pia herufi haichakai. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipanda kwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya mwaka 2025 pale Singida Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza ongezeko jingine, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, sawa na asilimia 35.1. Kima cha chini kikisogea, ngazi za juu yake nazo hupangwa upya kwa waraka. Tangazo lililoandika tarakimu lingekuwa limeshapitwa na wakati, na mtu angelibeba kama ushahidi kwa mhasibu. Zaidi ya hayo, herufi inaona mbele kuliko tarakimu. Kwa kada za shahada kwa kawaida Daraja la II huanzia D, Daraja la I likawa E, Mwandamizi F, kisha G na H za wakuu. Anayeijua ngazi hiyo ameiona njia yake ya miaka mingi ndani ya herufi moja.

Kwa hiyo kosa la mstari liko kwingine: unataja kufuli, hautaji ufunguo. Viwango vya Serikali vinavyozingatiwa vimo katika waraka wa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Ngazi za kupanda zimo katika muundo wa utumishi wa kada. Makato yametawanyika kwa Mamlaka ya Mapato, Bodi ya Mikopo na mifuko. Na hati ya mshahara, karatasi pekee inayoyakusanya yote mahali pamoja, iko kwenye mfumo wa watumishi ambao mlango wake ni cheki namba, yaani mpaka uwe umeshaajiriwa. Tangazo liko kwenye intaneti, lakini limeandikwa kana kwamba bado liko kwenye karatasi. Maneno “viwango vya Serikali” hayabonyezeki.

Tufanye hesabu ambayo tangazo halikuifanya. Chukua shilingi 800,000 kuwa mshahara wa kujifunzia tu, si kiwango cha D. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5 ya mtumishi, yaani 40,000, zinabaki 760,000 za kutozwa kodi. Kwa jedwali la TRA lililoanza Julai 2021, 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na zilizobaki hadi 760,000 zinatozwa asilimia 20. Jumla ya kodi ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, ambayo ni 24,000. Kama alisoma kwa mkopo, na wengi wetu tulisoma hivyo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, ambazo ni 120,000. Mfukoni zinaingia 548,000, kabla ya chama cha wafanyakazi na kabla ya mama mwenye nyumba. Karibu theluthi moja imeondoka, na vipande vyote vya hesabu hiyo viko hadharani. Mtu anahitaji tovuti nne na jioni moja yenye bando la kutosha.

Hata hesabu hiyo haijagusa posho, na kwa kazi hii posho si jambo dogo. Afisa habari huandamana na ziara. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha posho ya safari za ndani, kiwango cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000 kwa siku, cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000. Anayelala nje ya kituo siku chache za mwezi huona tofauti ambayo herufi haina habari nayo. Ni ukweli ambao kila mtumishi anaujua na kila tangazo linaunyamazia, kwa sababu nzuri: posho ni gharama ya safari, haikukusudiwa kuwa mshahara. Ila msomaji anayelinganisha kazi mbili ataambiwa na watumishi barazani yale ambayo hakuambiwa na tangazo, tena yakiwa yameongezewa chumvi.

Ng’ambo ya mpaka wa kaskazini, Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya mara nyingi huandika kiwango cha mshahara kwa shilingi, cha chini hadi cha juu, na chini yake ikataja posho ya nyumba na ya usafiri na bima ya matibabu. Msomaji wa Nairobi anaanza kupiga mahesabu kabla hajafika kwenye majukumu. Marekani wamekwenda mbali zaidi. Ofisi yao ya Takwimu za Kazi ina ukurasa mmoja kwa kila kazi. Ule wa maofisa uhusiano unafungua kwa kisanduku, na kitu cha kwanza ndani yake ni malipo: kwa takwimu za Mei 2023 yalikuwa dola 66,750 kwa mwaka, na maana yake ni kwamba nusu ya watu wa kazi hiyo walipata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Elimu inayotakiwa, idadi ya nafasi na matarajio ya miaka kumi vinafuata. Mpangilio huo unamdhania msomaji aliyesimama njia panda na kazi tano mbele yake. Utanzu wetu unamdhania msomaji ambaye ameshaamua zamani, na sasa anasubiri kuamuliwa.

Sitaki kuusifu ukurasa wa Marekani kupita kiasi. Ile 66,750 si mshahara wa mtu yeyote. Imechanganya New York na kijiji cha Nebraska, mzee wa miaka thelathini kazini na msichana aliyeanza jana. Herufi D, pamoja na ubahili wake wote, ni mshahara halisi wa mtu halisi, ukijua tu pa kuutazama. Kwetu kitu kilicho karibu na ule wa Marekani ni utafiti wa ajira na mapato katika sekta rasmi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao unawapanga wafanyakazi katika makundi mapana mno kumsaidia mtu anayeuliza kuhusu afisa uhusiano peke yake. Takwimu zetu zina tarakimu bila kazi, matangazo yetu yana kazi bila tarakimu.

Sehemu ya nne ni masharti, na hapo mwandishi wa tangazo anabadilika kabisa. Yule aliyekuwa baridi kwenye majukumu na mchoyo kwenye mshahara anapata sauti. Vitenzi vinapata watendaji: waombaji wawe raia wa Tanzania, wasizidi miaka 45 isipokuwa walioko tayari serikalini, waambatishe cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, vinatakiwa vyeti kamili. Watakaoleta taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria. Maombi yaliyotumwa nje ya utaratibu HAYATAFIKIRIWA, kwa herufi kubwa zinazosikika mpaka nje ya simu. Ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na nasema hivyo bila kejeli. Kila sentensi ina mtu, tendo na matokeo. Mwandishi aliyeweza kusema hivi kuhusu vyeti angeweza kusema hivi kuhusu pesa.

Ni sehemu ya gharama pia, ingawa hakuna shilingi inayotajwa. Kutoka Makwale muhuri wa wakili unafuatwa Kyela mjini. Kuskani ni steshenari, kwa ukurasa. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, inatakiwa kufungulia akaunti, na kama jina la kwenye kitambulisho limepungukiwa herufi moja na la kwenye cheti, kuna hati ya kiapo, na kiapo nacho kina bei yake. Katikati ya maonyo hayo kuna sharti moja la upole, linalowahamasisha wenye ulemavu kuomba na kueleza ulemavu wao kwenye mfumo. Linasomeka kama limeandikwa na mkono mwingine.

Mkono huo unarudi tena katika tangazo la mwisho la mfululizo huu, la kuitwa kazini. Huko kuna sentensi inayowaambia wasioyaona majina yao kwamba hawakupata nafasi, na kwamba wasisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Nimeshaona watu wakiisoma kwa sauti, wengine wakicheka, lakini ni sentensi yenye adabu. Inamtazama msomaji na kumjibu swali lake alivyoliuliza. Nikiupa mstari wa mshahara adabu hiyo, bila kugusa muundo wa tangazo, unakuwa hivi: “TGS D, kiwango cha kuanzia ni kile kilicho katika waraka wa mishahara unaotumika sasa, ambao unaufungua hapa, makato ya lazima ni kodi, PSSSF, bima ya afya na mkopo kwa aliyekopa.” Herufi imebaki na haki yake. Haijavunjwa kanuni yoyote, na waraka ukibadilika anayebadilisha ni mwenye waraka, tangazo halihusiki.

Kwa sasa wanaoyaona majina yao kwenye tangazo hilo la kuitwa kazini wanatakiwa kuripoti kwa waajiri wao wakiwa na vyeti halisi, vikaguliwe kabla ya kupewa barua ya ajira. Barua hiyo ndiyo inayoandika mshahara kwa tarakimu, kwa hiyo afisa habari mpya anausoma akiwa ameshafunga mizigo, ameshaaga Makwale na ameshalipa nauli ya kwenda kituoni.